Ndege Asiyetaka Kingine ila Mbegu: Umchanganyie, Umwoteshee, Ule Naye au Umpangie Saa?

Ukipita Soko la Kilombero hapa Arusha, au ukiingia Mbuyuni pale Moshi, chakula cha ndege wa tundu hukikosi. Alizeti, uwele, ulezi, mtama, vyote vinapimwa kwa kopo na kufungwa kwenye mfuko. Ni chakula kisicho na usumbufu: hakiozi, hakitaki friji, na ndege anakipenda. Shida ni kwamba anakipenda mno. Kasuku, au jamaa zake wadogo cherero na baji, aliyekuzwa kwa mbegu tupu tangu kinda hajui kama mchicha ni chakula. Mwekee tawi moja uone: anarukia pembe ya mbali ya tundu, manyoya kayabana mwilini, anautazama kwa jicho moja, halafu kwa jingine. Akijitahidi sana atagusa karoti kwa ncha ya mdomo, kisha atausugua mdomo kwenye kijiti, kushoto na kulia, na habari ya karoti imeishia hapo.

Wengi hufikia kusema basi, mwache ale anachokitaka. Lakini kiini cha alizeti, karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Mbegu kwa jumla zina vitamini A kidogo sana, na kalsiamu yake haitoshi. Ndege akiishi hivyo miaka, ini linajaa mafuta, manyoya yanafifia, na utando wa ndani ya mdomo na pua unadhoofika mpaka magonjwa yanaingia kirahisi. Kasuku wa kijivu ana la ziada: kalsiamu ikishuka kwenye damu anaweza kutetemeka, kuanguka kutoka kijitini na kupata degedege.

Kwa hiyo lazima ajifunze kula vingine, na njia za kumfundisha zinazosikika sana ni nne. Kila mfugaji ana yake na anaiapia. Mimi naona njia moja inasifiwa kuliko inavyostahili, nyingine imesahaulika wakati mama zetu huku Kilimanjaro wanaijua kwa mikono. Ila kabla ya kuchagua jiulize mambo mawili: nani anashinda nyumbani mchana, na ndege wako amezoea watu kiasi gani.

| Njia | Inamfaa nani | Inakugharimu nini | Udhaifu wake |
|---|---|---|---|
| Kuchanganya na mbegu | Anayetolewa kwenye alizeti kwenda nafaka ndogo, au kwenda peleti (punje za kiwandani) | Karibu hakuna | Ndege anachambua; mboga inachachua mbegu |
| Kuotesha mbegu | Mlaji sugu wa mbegu, hasa cherero na baji | Kuosha asubuhi na jioni | Ukungu, ukizembea |
| Kula naye | Kasuku aliyezoea watu | Muda wako | Haimsaidii ndege anayekuogopa |
| Kumpangia saa | Karibu wote, wakiwa na afya | Mtu awepo nyumbani, na mizani | Ikifanywa vibaya inaua |

Mizani kabla ya mboga

Safu ya mwisho ya jedwali siyo ya kutishana. Baji mzima ana gramu 30 hadi 40 tu, cherero yuko kwenye 50, kasuku wa kijivu 400 hadi 500 na kidogo. Kiumbe cha gramu 35 hakina akiba. Baji asipokula siku nzima yupo hatarini, na siku ya pili unaweza kumkuta chini ya tundu. Ule msemo wa wazazi, "njaa ikimuuma atakula", kwa mtoto una ukweli wake, kwa ndege hauna. Mtoto anajua kilichopo sahanini ni chakula. Ndege hajui, na atakufa pembeni ya bakuli lililojaa.

Kwa hiyo nunua mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu moja moja. Hizi za waokaji wa keki zinafaa kabisa. Mpime asubuhi kabla hajala, kila siku kwa saa ileile, uandike. Ndege asiyekubali kushikwa, weka kibakuli chenye punje chache juu ya mizani au simamisha kijiti kifupi, atapanda mwenyewe baada ya siku kadhaa. Akipoteza asilimia 10 ya uzito wake, simamisha kila kitu na rudisha mbegu. Kwa baji wa gramu 35, hiyo ni kama gramu tatu na nusu. Kwa macho huioni, kwa sababu manyoya yanaficha kila kitu.

Angalia na karatasi ya chini ya tundu. Kinyesi cha ndege mzima kina sehemu tatu: kigumu, cheupe, na maji. Kikipungua idadi, kikawa kidogo, cha kijani kilichoiva sana na chenye kunata, tumbo ni tupu. Akianza kula mboga maji yanaongezeka. Hilo si kuhara, ni mboga.

Halafu kuna hadaa ya bakuli. Kasuku humenya mbegu na kuliacha ganda palepale alipoitoa. Kufikia jioni bakuli linaonekana limejaa, mwenye nyumba anapita, anasema "bado anacho", kumbe juu ni maganda matupu. Puliza juu ya bakuli. Yakiruka yote ukaona chini ya chombo, ndege wako ameshinda njaa. Kwenye mboga hadaa ni ya upande wa pili: sakafu imejaa karoti iliyokatwakatwa, unafurahi, kumbe amechana tu na kutupa. Mizani ndiyo itakayosema kweli.

Kuchanganya: njia ya kwanza kutajwa, ya mwisho kwangu

Ukimuuliza mtu yeyote atakwambia changanya kidogo kidogo: wiki hii mboga kijiko kimoja ndani ya mbegu, wiki ijayo viwili. Kwa kusikia inaingia akilini. Ila kasuku ana ulimi mnene na mdomo wenye uwezo wa kuinua punje moja ya uwele kati ya mia. Kuchambua ndiyo kazi yake ya kuzaliwa. Atatoa alizeti moja baada ya nyingine, na mchicha utabaki ulivyoukata. Mbaya zaidi, mboga mbichi inalowesha mbegu, na kwa joto la Moshi, ambayo iko chini kuliko Arusha, mchanganyiko huo unachacha kabla ya mchana. Sasa unayo mboga isiyoliwa na mbegu iliyoharibika.

Inapofanya kazi vizuri ni pale unapobadili kikavu kwa kikavu. Unataka kumpunguzia alizeti umwongezee ulezi na uwele? Changanya, ongeza huku ukipunguza kule, na baada ya wiki chache umemaliza. Peleti, zile punje za kiwandani zenye lishe iliyopimwa, nazo huingizwa hivyo, ingawa kwetu huku hazipatikani kila siku na bei yake inamfanya mtu afikirie mara mbili. Usidanganyike ukachukua chakula cha kuku wa mayai kwa kuwa kinafanana nazo. Kile kimewekewa kalsiamu nyingi kwa ajili ya kutengeneza maganda ya mayai kila siku; kwa ndege wa tundu asiyetaga ni mzigo kwa figo.

Kwa mboga ipo hila moja ya kuchanganya ninayoikubali. Chukua karoti, ikune iwe laini kabisa, ikamue kidogo, kisha viringisha mbegu chache ndani yake mpaka zishike unyevu na vipande. Ili aipate mbegu itabidi alambe karoti. Weka kidogo tu, uondoe baada ya saa mbili. Inamfaa kasuku na kokateli, jamaa yake mdogo mwenye kishungi. Njiwa usimsumbue nayo, yeye anameza punje nzima bila kumenya na hana habari na karoti yako.

Kuotesha: utaalamu uliopo jirani

Kama ningeruhusiwa njia moja tu kwa ndege aliyelelewa kwa mbegu, ningechukua hii. Mbegu iliyoanza kuota bado ni mbegu machoni pake: umbo ni lile, inamenyeka vilevile. Lakini ndani imeshabadilika. Imelainika, vitamini zimeongezeka, na ule mkia mweupe unaochungulia ni mboga yake ya kwanza bila yeye kujua.

Na huku Kilimanjaro hakuna wa kutufundisha. Mama yeyote anayepika mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi, anajua kuotesha ulezi, maana bila kimea hakuna mbege. Unaloweka usiku kucha, unachuja, unafunika, unangoja mikia. Tofauti ni kwamba wa mbege ataanika na kusaga, wewe utaishia kwenye mkia. Na yeye baadaye anautaka uchachu; kwako uchachu ni sababu ya kumwaga.

Chukua ulezi au uwele vijiko viwili, usizidishe. Loweka kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili, mwaga maji, suuza, tandaza kwenye chujio la chai uliloliegemeza juu ya bakuli, funika kwa kitambaa safi. Suuza asubuhi na jioni. Siku ya pili au ya tatu mikia inatoka; Julai ya Arusha inaweza kuchelewa. Kabla ya kumpa, nusa. Inatakiwa inuke kama majani mabichi. Ikinuka pombe au vidole vikateleza, tupa yote na uoshe chujio kwa maji ya moto. Choroko na dengu zinaota kwa urahisi hivyohivyo na zinafaa. Maharage usioteshe: yakiwa mabichi yana sumu, hayaliwi mpaka yachemke yakaiva.

Hapa kuna mambo mawili ambayo watu huyaruka. La kwanza, mbegu ya kuotesha inunuliwe kwa muuza nafaka za kula. Ya duka la pembejeo imepakwa dawa, ndiyo maana ina ile rangi nyekundu au ya kijani, na kuisuuza hakuiondoi. La pili, mtama uache kwenye bakuli la mbegu kavu. Chipukizi changa la mtama lina kemikali inayotoa sianidi. Wenye ng'ombe wanalijua hilo, hawaachii mifugo kwenye mtama mchanga. Ulezi na uwele vinatosha.

Ndege akizoea mikia mifupi, iache siku inayofuata mpaka majani madogo ya kijani yatokee. Halafu majani hayo uyachanganye na mchicha uliokatwa vidogo kwa ukubwa uleule. Hatua ni fupi kiasi kwamba hapati pa kukwama.

Kwa cherero kuna daraja jingine zuri zaidi. Cherero wa Fischer ni mwenyeji wetu, kwao ni nyika za Serengeti mpaka kusini mwa Ziwa Victoria, na huko anajishikilia kwenye mabua ya nyasi au anatembea chini akiokota mbegu. Mpe suke bichi la uwele au la nyasi lenye punje za maziwa, likiwa na shina lake, libane kwenye waya za tundu kwa kibanio cha nguo. Hatalikimbia. Ataparamia shina, atalitafuna, na hapo amekula kijani. Chuma mahali pasipopuliziwa dawa, mbali na barabara. Na kwa kuwa tumemtaja: kama cherero wako alinaswa porini, kumfuga bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, hata awe amepatikana shambani kwako.

Kula naye

Ndege hawa ni wa kundi. Porini kinda hajifunzi kwa kujaribu kila jani, anatazama wakubwa wanakula nini, naye anakula. Ndani ya nyumba yako, mkubwa wa kundi ni wewe. Kasuku wa kijivu aliyezoea watu anaweza kukataa papai kwenye bakuli lake mwezi mzima, na akalidai kwa fujo likiwa mkononi mwako.

Fanya hivi: mweke mezani au sogeza tundu karibu, kata papai kwenye sahani yako, kula wewe kwanza, tena kwa kulifurahia, bila hata kumtazama. Atakapoanza kunyoosha shingo usimpe haraka. Ukimsukumia mdomoni umeharibu, anarudi kwenye woga. Kula kipande kingine. Kisha acha kimoja pembeni ya sahani, umbali anaoufikia. Watoto wanafanya hili vizuri kuliko sisi, kwa sababu hawaigizi, wanakula kweli na hawana haraka ya kumshangilia.

Masharti yapo. Kisitoke mdomoni mwako, kwa sababu mate ya binadamu yana vijidudu visivyomfaa. Kisiwe na chumvi wala mafuta. Na kama ndege yupo sebuleni, kile unachokula mbele yake kila siku ndicho atakachokitaka: nyumba ya chipsi itapata kasuku wa chipsi.

Kwa baji mwoga au cherero asiyeshikika njia hii haina maana. Kwake wewe si kundi, wewe ni hatari yenye mikono. Huyo atafundishwa na ndege mwenzake anayekula mboga, matundu yakikaa sambamba. Ila mgeni akae chumba kingine kwanza, kama siku 30 hivi, usije ukanunua mwalimu mwenye ugonjwa. Baji ana na njia yake ya pekee: fungu la majani ya sukuma wiki yaliyolowa maji, limening'inizwa juu, karibu na kijiti chake cha juu kabisa. Anaingia katikati ya majani kuoga, anajisugua, anakunywa matone, na katikati ya kuoga anaanza kung'ata.

Kumpangia saa

Hii ndiyo yenye nguvu, na ndiyo inayotaka nidhamu. Ndege wa porini hula sana mara mbili, alfajiri na kabla ya kulala, mchana anajipumzisha. Bakuli la mbegu lililojaa kutwa linafuta njaa ya asubuhi, na bila hiyo njaa hana sababu ya kujaribu chochote.

Kwetu kunapambazuka kwenye saa 12 na nusu. Kabla hujafunua tundu, bakuli la mbegu liwe limetoka na kipya kiwe ndani: kimea, mboga iliyokatwa, papai. Mwachie saa moja mpaka moja na nusu. Kisha rudisha mbegu, awe amekula au hajala. Kwenye saa 4 au 5 asubuhi toa mbegu tena, mwekee majani ya kuchezea. Saa 10 jioni mbegu zinarudi mpaka anapolala. Kabla hujafunika tundu, tazama gole lake, kile kifuko cha chini ya shingo: liwe limetuna. Ndege halali na gole tupu, hasa usiku wa baridi.

Msimamo wa saa ndio dawa yenyewe. Ukirudisha mbegu kila anapopiga kelele, umemfundisha kupiga kelele. Na ukichelewa kazini bakuli likawa nje mpaka saa 2 usiku, hiyo haiitwi ratiba tena. Ndiyo maana nasema uangalie nani yupo nyumbani. Anayetoka saa 1 asubuhi na kurudi usiku asiiguse njia hii siku za kazi; aoteshe mbegu, aachane na saa. Pia usianze kwa ndege mgonjwa, anayenyonyoka manyoya kwa wingi, au anayelea makinda. Na kwa Arusha, Juni na Julai zipite kwanza. Baridi ile inamfanya achome chakula kingi ili apate joto, si wakati wa kumnyima.

Aanze na kipi sokoni

"Leo kasuku anakula nini mwanangu?" huniuliza mama mmoja wa mboga pale Kilombero.

"Shikamoo mama. Leo sukuma wiki na hoho moja nyekundu."

"Marahaba. Hoho nyekundu! Mwambie aanze kujilipia."

Ana haki, hoho nyekundu bei yake si mchezo. Karoti, boga na viazi vitamu vya rangi ya chungwa vinatoa vitamini A ileile kwa bei ya chini. Viazi na boga vichemshe kidogo, vikiwa laini anavikubali haraka. Pilipili kichaa mpe bila wasiwasi, ndege hausikii ule ukali na mbegu zake anazipenda.

Kati ya mchicha na sukuma wiki, sukuma wiki iwe ya mara nyingi. Mchicha una okzaleti nyingi inayoshika kalsiamu isitumike mwilini, kwa hiyo upokezane na sukuma wiki, usiwe wa kila siku. Yoyote utakayochukua, ioshe vizuri, dawa za wadudu kwenye bustani zetu hazihesabiki.

Kati ya ndizi na papai, Moshi kila mtu huanza na ndizi kwa sababu ipo. Ndege ataila, ni tamu na laini, ila vitamini A yake ni ndogo na sukari ni nyingi. Itumie kama gundi: ponda kidogo, pakaza kwenye jani. Papai na embe ndivyo vyenye rangi ya maana.

Karanga zenye ukungu au zilizosinyaa zisikaribie tundu. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Ini la ndege haliwezi kuistahimili. Chokoleti, kahawa, pombe, vitunguu na vyakula vya chumvi, hapana.

Na parachichi. Huku kwetu limejaa kila uwanja, watu wanalichukulia kama chakula cha afya, na kwa ndege ni sumu. Persini iliyomo hudhuru moyo, na inaweza kumwua ndege mdogo kwa saa chache tu. Si tunda peke yake, majani pia. Nimeona matundu yakitundikwa kwenye mparachichi kwa ajili ya kivuli, na ndege akinyoosha shingo anafika jani. Lihamishe tundu kwanza, mengine yafuate.

Uchanganye zipi

Hakuna anayelazimika kushika moja. Mfanyakazi wa ofisini Njiro mwenye baji wawili: aoteshe ulezi kila siku ya pili, na asubuhi kabla ya kutoka aning'inize majani yaliyolowa. Mbegu kavu zibaki bakulini siku za kazi, apunguze alizeti tu. Jumamosi na Jumapili, akiwepo, ndipo ajaribu saa.

Nyumba yenye bibi na wajukuu wanaoshinda, tuseme Kiboriloni, na kokateli au cherero wenye afya: saa na kimea pamoja. Kimea cha alfajiri, mbegu za saa 2, masuke mabichi mchana. Bibi asome mizani, mjukuu aandike. Hapa ndipo mabadiliko huonekana mapema, ingawa mapema kwa ndege ni wiki, si siku.

Kasuku wa kijivu mwenye umri, aliyekula alizeti na ugali miaka yote, ni wa miezi. Usimwondolee alizeti kwa ghafla. Kula naye kila jioni kitu kimoja, kilekile, mpaka akikubali ndipo ulete cha pili. Ukileta vitano kwa wakati mmoja anavikataa vyote pamoja. Alizeti zake ziwe za mkononi, punje moja kila anapoonja kipya, na ganda la yai lililochemshwa, likakaushwa na kusagwa, linyunyizwe juu ya kiazi kwa ajili ya kalsiamu. Uzito ukishuka kwa asilimia 10, rudisha bakuli la mbegu siku hiyohiyo. Uzito ukirudi pale ulipokuwa, endelea na kiazi kilekile. Usiporudi ndani ya siku mbili tatu, au akikaa amejitutumua manyoya mchana kutwa, mpeleke kwa daktari wa mifugo na daftari lako la gramu, na umweleze amekuwa akila nini.